Ukuta wa Duka la Karsan

Nitawasimulia habari za Salesio Mutembei kwa sababu nimechoka kuzisikia zikisimuliwa vibaya. Hapa mjini Meru ukimtaja, watu wanacheka kwanza, halafu ndio wanauliza hali yake. "Yule mzee wa ishirini na sita?" Ndiye huyo. Mimi naitwa Gacheri, nauza ndizi za Mitunguu ng'ambo ya barabara, mkabala na lile jengo la mawe, na nimemjua Salesio tangu nilipokuwa msichana wa miaka kumi na saba nikibeba maji kwenye mjengo. Sikuwa mke wake wala mpenzi wake, kabla hamjaanza. Nilikuwa nikimletea maji na chokaa, basi.

Alizaliwa Igoji mwaka wa arobaini na tano, kwenye boma la watu wa kahawa. Shuleni alifika darasa la tatu akaacha. Misheni walikuwa wakijenga kanisa la mawe, naye akawa anakwenda kuwatazama mafundi badala ya kwenda darasani, mpaka mwishowe wakampa nyundo ili aache kuwazuilia njia. Huko ndiko alikojifunza kuchonga. Alikuwa mfupi, mkimya, mwenye masikio makubwa, na akikutana na jiwe jipya alikuwa akiligonga kwa kifundo cha kidole na kulisikiliza. Mara ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo nilicheka mpaka maji yakanimwagikia. Aliniangalia tu, akaniambia nirudi mtoni nikateke mengine.

Simpambi. Alikuwa mtu mgumu kufanya kazi naye. Nilikuwa nakoroga chokaa na mchanga tangu asubuhi, mgongo unauma, yeye anakuja na mwiko wake, anachota kidogo, anatazama, anauliza, "Hii umepika uji?" Halafu anaimwaga yote. Yote, bana! Kagure, mke wake, Mungu amrehemu, aliniambia siku moja sokoni kwamba yeye angekuwa jiwe angesikilizwa zaidi nyumbani kwake. Hakuwa akitania sana.

Sasa, huo ukuta.

Mwaka wa sabini na moja lori la mbao lilitoka juu kwenye msitu, likapoteza breki kwenye ule mteremko, likaingia duka la Karsan kwa mbele. Karsan alikuwa Mhindi wa vitambaa, mzaliwa wa hapa hapa, na Kimeru chake kilikuwa safi kuliko Kiswahili changu. Ilikuwa saa ya chakula, duka limefungwa, hakuna aliyekufa. Lakini mbele yote ilianguka: matao mawili, nguzo nne, na lile jiwe la juu ya mlango ambalo baba yake Karsan alikuwa amechongesha mwaka wa kujenga, 1926. Jiwe hilo lilipasuka vipande vitano.

Walikuja mafundi wawili kutoka Nairobi. Wakatazama, wakasema toa haya mawe, weka matofali ya saruji, piga lipu, paka rangi, wiki tatu umefungua duka. Karsan akawafukuza. Alikuwa na picha ya duka mkononi, picha ya zamani yenye kona zilizoliwa, na kila aliyepita alimwonyesha akimwambia, "Nataka hivi. Hivi hivi." Mtu mmoja wa kanisa akamtajia Salesio.

Tulifanya kazi miezi saba. Machimbo ya mawe ya zamani yalikuwa yamefunikwa na vichaka, hakuna aliyechimba pale tangu vita, naye Salesio akasema hatatumia jiwe la mahali pengine kwa sababu rangi haitakuwa ileile mvua ikinyesha. Tukafyeka. Mimi na mwenzangu mmoja wa kubeba, ambaye alikufa zamani, tulitoa nyoka watatu mle ndani. Halafu akagundua jambo ambalo wale wa Nairobi hawakuliona. Mawe ya zamani yalikuwa na alama za tindo, mistari mistari, na mistari yote ililala upande usio wa kawaida. Alikaa nayo siku nzima akiyageuza. Jioni akasema, "Gacheri, huyu mtu alitumia kushoto."

Basi na yeye akaanza kuchonga kwa mkono wa kushoto. Wiki tatu aliharibu mawe mpaka nikamhurumia. Akajiponda kidole gumba mara mbili, ukucha ukang'oka, akafunga kitambaa akaendelea. Nilimwambia hakuna binadamu atakayewahi kutazama mistari ya jiwe, akaniambia mbona yeye ameitazama. Wiki ya nne mkono ukakubali. Tulipomaliza, ungesimama hatua mbili kutoka kwa ule ukuta na usijue jiwe gani limetoka kwa baba yake Karsan na jiwe gani limetoka kwa Salesio. Mimi niliyeleta maji ya mawe hayo sikuweza kuyatofautisha. Hata ule mwaka aliuchonga upya, moja, tisa, mbili, sita, na mkia wa tisa akaupinda kidogo kama ulivyokuwa umepindwa kwenye picha.

Karsan alisimama barabarani akalia kwa sauti. Miaka miwili baadaye akauza, akaenda Uingereza na picha yake. Karatasi za ule ukarabati zilibaki kwenye ofisi ya mji na mchwa wakazila pamoja na nyingine. Watu waliokuwa wakubwa wakati ule walikufa mmoja mmoja au wakasahau, maana lori kugonga duka si jambo la kukumbuka miaka arobaini. Tuliojua tukabaki wawili.

Yeye hakumwambia mtu. Kwa fundi wa aina yake, ukitengeneza kilichovunjika na mtu akaona mahali ulipotengeneza, umeshindwa; sasa utaendaje tena kumwonyesha kwa kidole? Lakini msidhani hakutaka kujulikana. Alitaka sana. Kila Jumapili akitoka kanisani alipita pale, akasimama, kofia mkononi. Akisikia mtu akiusifu ukuta, alijifanya anafunga kamba za viatu ili asikie zaidi. Nimemwona akifunga kamba hizo mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Kazi nyingine alizofanya maishani zilikuwa za kawaida: misingi ya nyumba, vyoo vya shule, tangi la maji kule Githongo. Fundi wa kupata leo na kukosa kesho. Ule ukuta ndio uliokuwa wake.

Miaka ikaenda hivyo, serikali za kaunti zikaja, na mji wetu ukashikwa na homa ya orofa. Jengo la duka la Karsan lilikuwa limepita mikono mitatu, likanunuliwa na tajiri mmoja wa Embu aitwaye Gitari. Huyu Gitari alikuwa amejenga majengo marefu matatu kwao Embu, sasa akatangaza kwamba hapa Meru atajenga orofa kumi na mbili, za vioo, zenye lifti. Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na sita.

Haki ya Mungu, mji uligawanyika. Vijana walisema, "Hata Embu wana orofa, sisi tuna nini? Mawe ya Wahindi?" Walitaka kazi za mjengo, na siwalaumu, mimi mwenyewe nilikula kwa kazi ya mjengo. Walimu wastaafu na watu wa makanisa walisema mji usio na jengo lake la zamani haujulikani ni mji gani, utadhani umeshuka popote pale. Redio ya hapa ilipigiwa simu asubuhi mpaka jioni. Pale kwangu wateja walikuwa wakigombana huku wameshika ndizi zangu, wanazibonyeza mpaka zinaoza, na hakuna anayenunua.

Mwishowe kaunti ikaunda kamati ya kusikiliza pande zote. Ikaweka msimamo ulio wazi: ule ukuta wa mbele ukithibitika ni wa kabla ya uhuru, hautaguswa. Ukionekana ni wa juzi, Gitari yuko huru kubomoa. Kila kitu kikasimama juu ya ukuta wa Salesio.

Kamati ikamleta mtaalamu wa majengo ya kale kutoka Nairobi, bwana mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alipima, akapiga picha, akapanda ngazi. Watu tulijaa. Salesio alikuwa pale karibu nami, wakati huo ana miaka sabini na moja, mjane, watoto wote wako mbali. Mtaalamu akashuka, akaguswa kweli kweli, na akasema kwa sauti kila mtu asikie kwamba ule ni uchongaji wa hali ya juu, kwamba alama zinaonyesha fundi wa mkono wa kushoto, kwamba bila shaka ni mafundi walioletwa kutoka Punjab, kule India, miaka ile. Halafu akaongeza, "Fundi wa kienyeji hangeweza kufanya kazi hii."

Nilimtazama Salesio. Hakuwa anafunga kamba za viatu. Alikuwa amesimama wima, mdomo wazi, kama mtu aliyezabwa kofi kanisani.

Alivuka barabara akaja kwangu, akakaa kwenye kreti bila kuombwa. "Nitawaambia," akasema.

"Utawaambia nini?"

"Kwamba ni mimi. Miaka arobaini na mitano nimenyamaza, Gacheri. Sasa wamesema hangeweza. Umesikia? Hangeweza!"

"Nimesikia. Basi waambie. Waambie ukuta ni wa sabini na moja, Gitari alete tingatinga kesho yake."

 Nilimwona akilifikiria jambo hilo kwa mara ya kwanza, maana hasira ilikuwa imemzuia kufika pale. Akisema, atapata jina na ukuta utaanguka. Asiposema, ukuta utabaki na jina litaenda Punjab. Alikaa kwenye kreti yangu mpaka nikauza mkungu mzima. Alipoinuka alisema, "Basi nitanyamaza," akaenda nyumbani, na mimi nikadhani mambo yameishia hapo.

Hayakuishia. Gitari alikuwa na msimamizi wa miradi, Misheck Mbaka, mtu wa Tharaka mwenye miaka kama arobaini. Huyu hakuwa mjinga. Alizunguka akiuliza wazee, akampata karani mmoja mstaafu aliyekumbuka kwamba lori fulani liligonga duka fulani, na fundi mmoja mfupi wa Igoji akaitwa. Karani hakukumbuka kilichojengwa, jina tu ndilo alilokumbuka. Kwa kamati hilo lisingetosha. Lakini Mbaka aliuliza jambo jingine ambalo mtu wa Nairobi asingefikiria kuliuliza. Aliuliza Salesio ni wa ukoo gani. Alipoambiwa, nasikia alicheka peke yake.

Ukoo wa Salesio na ukoo wa kina Mbaka ni watu wa gichiaro. Kwa msioijua, ni koo mbili zilizokula kiapo enzi za mababu, zikawa ndugu kuliko ndugu wa tumbo moja. Mtu wa gichiaro akija kwako akakuomba kitu, humnyimi. Akikuuliza jambo, humdanganyi. Kwa gichiaro hakuna mkubwa wala mdogo. Najua, najua, tumebatizwa, tunaimba kwaya, tuna Biblia za zipu. Lakini nionyesheni mtu wa rika letu atakayemtazama ndugu wa gichiaro machoni na kumdanganya kwa mdomo wake. Hatumwambii mchungaji, lakini hatufanyi.

Mbaka alikuja nyumbani kwa Salesio Jumamosi asubuhi. Mimi nilikuwapo, nilikuwa nimempelekea Salesio ndizi za kuchemsha, maana tangu Kagure afariki alikuwa akila githeri ile ile ya mahindi na maharagwe siku tatu. Mbaka hakuingia kwa kiburi. Alivua kofia mlangoni, akasalimia, akataja ukoo wake, na jina la baba yake, na jina la babu yake. Salesio alisimama pale pale. Akampa kiti chake mwenyewe, yeye akakaa kwenye stuli. Akaniomba niweke chai. Nilijua tumekwisha.

Walikunywa chai. Wakaulizana mvua. Halafu Mbaka akaweka kikombe chini.

"Mzee, nimekuja kama ndugu, si kama mtu wa Gitari. Nakuomba kitu kimoja. Siku ya kamati uje usimame, na ukiulizwa nani alijenga ule ukuta, useme ukweli kwa mdomo wako. Sikuombi useme uongo wa kunisaidia. Ukweli tu."

"Unajua ukweli wenyewe?" Salesio akauliza.

"Sijui. Wewe ndiye unayejua. Nakuomba kwa gichiaro."

Nikaingilia, sikuweza kujizuia. "Wewe Mbaka, huoni haya? Unatumia vitu vya mababu kwa sababu ya lifti?"

"Gacheri," Salesio akasema, "nyamaza." Halafu akamwambia Mbaka, "Nitakuja. Nitasema."

Mbaka akamshukuru kwa mikono miwili. Nasema tena, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi na watoto wa kusomesha, na alitumia kilichokuwa karibu. Alipotoka nilimkaripia Salesio mpaka sauti ikakauka.  Alikwenda nyuma ya nyumba, akatoa nyundo na tindo zake kwenye gunia, akaanza kuzipaka mafuta, na mimi nikafikiri, huyu mzee hata anafurahi. Moyoni anafurahi, atatajwa. Nilimkasirikia kwa hilo, na pia nilimwelewa.

Siku ya kamati waliweka mahema mbele ya jengo lenyewe, barabara ikafungwa. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mmoja wa Imenti, mtu wa kusema kwa ufupi. Watu walizungumza tangu saa tatu: wenye kutaka orofa, wasiotaka orofa, mmoja aliyetaka orofa lakini mahali pengine. Karibu saa sita Mbaka akainuka akasema wana shahidi. Salesio akasimama akiwa na koti lake la kanisani.

"Mzee, unajua nani alijenga ukuta huu?" mwenyekiti akauliza.

"Najua. Ni mimi."

"Lini?"

"Mwaka wa sabini na moja. Lori liliangusha wa zamani. Mawe nilichimba, nikachonga, nikajenga. Na ule mwaka pale juu nilichonga mimi."

Wee! Kelele zilizozuka pale. Waliokuwa upande wa ukuta walimzomea, mwalimu mmoja mstaafu, mwenzake wa kanisani kabisa, akapiga kelele kwamba amehongwa na Gitari. Salesio alisimama tu, mikono nyuma. Nilitaka kuinuka niseme kwamba ni kweli, mimi ndiye niliyebeba maji. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka. Akaniona, akatikisa kichwa mara moja, nikakaa. Hakuna mwingine aliyenitazama. Nani humuuliza mbeba maji?

Mtaalamu wa Nairobi akaomba nafasi. Akasema kwa heshima, hakumtukana, kwamba wazee wakati mwingine huchanganya walichokiona na walichokifanya. Lakini kwa haki, akasema, jambo hili linaweza kupimwa. Kulikuwa na mawe ya machimbo yale yale yamerundikwa nyuma ya jengo, yamebaki tangu enzi hizo. Mzee apewe moja, achonge uso mmoja tu mbele ya kamati kama ulivyochongwa ule wa ukutani. Mwenyekiti akakubali. Mbaka alikuwa anatabasamu mpaka magego yanaonekana, maana alikuwa amehakikisha kwamba Salesio amekuja na nyundo yake.

Jiwe likaletwa, likawekwa juu ya meza ya mbao. Salesio akavua koti, akalikunja. Akaligonga jiwe kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio. Watu wengine wakacheka. Akaligeuza, akaligonga tena, akapitisha kidole polepole kutoka kona hii mpaka kona ile. Mimi nilijua anachofanya: alikuwa ameupata mshipa wa jiwe, ile njia ambayo jiwe hupasukia ukilipiga vibaya. Akashika tindo mkono wa kulia na nyundo wa kushoto. Akapiga mara tatu. Mistari mitatu ikatokea, imelala ule upande usio wa kawaida, na mtaalamu akavua miwani akasogea mbele. 

Salesio akasimama. Akainua macho akautazama ule ukuta, matao, nguzo, na ule mwaka juu ya mlango. Aliutazama mpaka watu wakaanza kukohoa. Kisha akaweka tindo juu ya mshipa wenyewe, pale pale alipokuwa amepitisha kidole, na akapiga kwa nguvu zake zote.

Jiwe likapasuka vipande viwili, kimoja kikaanguka chini kikapiga vumbi.

Hapo ndipo watu walipocheka. Mlicheka ninyi, msijifanye hamkuwapo. Vijana wa boda walipiga honi. Mmoja akapaza sauti, "Buda, rudi kwa githeri!" Mtaalamu akarudi kitini, na usoni alikuwa na huruma tu, huruma ya mtu anayemsamehe mzee.

"Imekuwaje, mzee?" mwenyekiti akauliza.

"Jiwe limepasuka," Salesio akasema.

"Utajaribu jingine?"

"Sitajaribu."

"Na bado unasema ni wewe uliyejenga?"

"Nimesema niliyosema. Ni mimi."

Wakacheka zaidi. Mwenyekiti akamshukuru, akamwambia apumzike. Salesio akakunjua koti lake, akalivaa, akaweka nyundo kwenye gunia. Mbaka alikuwa anamtazama, tabasamu limepotea. Alikuwa ameufunga mdomo wa ndugu yake kwa kiapo cha mababu na akasahau kwamba mtu ana mikono. Lakini angemlaumu vipi? Alichoomba alipewa, mbele ya mashahidi, neno kwa neno.

Nilimfuata Salesio mpaka karibu na kanisa ndipo nikamshika mkono. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba nilianza kwa Kimeru na nikamalizia kwa Kiswahili. Nikamwambia nimeona. Nikamwambia asinidanganye, mimi si wa gichiaro lakini nilimwona akitafuta mshipa na nikamwona akiupiga. Kwa nini? Mara tatu tu zaidi wangejua! Yule bwana wa miwani alikuwa ameshaanza kujua!

"Ndiyo maana," akasema.

"Sasa wewe ni mwongo mji mzima. Uzee wote huu, watoto wa boda wanakuzomea."

Alikaa kwenye ukingo wa mtaro, gunia kati ya magoti.  "Gacheri, ule ukuta niliujenga nikiwa na miaka ishirini na sita. Siwezi kuujenga tena. Jina wakilichukua, nitakuwa nimebaki bila jina, kama nilivyokuwa juzi na jana. Ukuta wakiuchukua, sitakuwa nimefanya kitu."

 Nilimsaidia kubeba gunia mpaka kwake.

Kamati ikaamua wiki mbili baadaye: ukuta ni wa 1926, usiguswe. Gitari alilia kwenye magazeti, halafu akafanya walivyomshauri, akajenga orofa zake kumi na mbili nyuma, zikapanda juu ya paa la zamani, na mbele akauacha ukuta ukiwa uso wa hoteli. Siku hizi anaupenda kuliko mtu yeyote. Ameipa hoteli jina la ule mwaka, wageni wanapiga picha mlangoni. Leo nikisimama barabarani nikapiga kelele kwamba ni wa sabini na moja, nani atanisikiliza? Ndiyo maana nasimulia bila woga. Mbaka alipita kwangu mara moja tu baada ya hapo. Akaniuliza, "Mama, wewe unakumbuka lile lori?" Nikamwambia mimi nakumbuka bei ya ndizi. Akanunua kichana kimoja akaenda.

Siku ya kufungua, kaunti walibandika bamba la shaba karibu na mlango: kwamba jengo hili lilijengwa mwaka wa 1926 na mafundi stadi kutoka ng'ambo. Kulikuwa na kwaya, kulikuwa na soda. Mfawidhi wa sherehe alikuwa mmoja wa wale vijana wa redio wanaojua kuchekesha. Alipomaliza kusoma bamba akaangaza macho juu ya umati, akasema, "Na yule mzee wetu aliyejenga ukuta huu kabla mama yake hajaolewa, yuko? Mzee, tuonyeshe mkono tukupigie makofi!"

Watu walikuwa tayari wanacheka kabla hajamaliza. Nilimtafuta Salesio kwa macho, nikiomba awe amekwenda nyumbani. Alikuwa mstari wa mbele, kofia mkononi. Akanyoosha mkono juu kabisa, akauacha pale mpaka kila mtu akauona. Wakampigia makofi wakicheka, wengine wanashika mbavu, naye akainama kidogo kuwashukuru, kisha akageuka akautazama ukuta.

Mimi nililia pale pale mbele ya ndizi zangu. Mteja mmoja akaniuliza, "Mama, umeibiwa?"

Nikamwambia ndiyo.